Mpini Mbichi

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya misheni, Bruda msimamizi hakunipa msumeno. Alinipa tupa, akanikalisha mbele ya mnyororo wa msumeno uliobanwa kwenye jiliwa, akasema, "Skolastika, noa." Nikanoa mpaka jua likawa utosini. Aliporudi alipitisha kidole gumba juu ya meno, akatikisa kichwa. "Noa tena."

Sikuudhika. Nilikuwa mjane mwenye watoto, nimetoka jikoni kwa masista, na mikono yangu ilishazoea kazi isiyoisha. Mpasuaji wa karakana alikuwa ameacha kazi akaenda kuchimba dhahabu Namungo, na Bruda akatangaza nafasi yake baada ya misa. Niliposimama, wanaume wa benchi la nyuma walicheka. Yeye hakucheka. Aliniuliza tu, "Unaweza kufundishwa?" Nikasema naweza. Hapo ndipo ulipoanza utumishi wangu wa kupasua magogo kwa ajili ya mipini ya majembe, mashoka, sululu na nyundo, hapa Nachingwea na baadaye Ruangwa.

Nawaandikia ninyi mnaofanya kazi hii sasa. Nimewaona kando ya barabara ya Ruponda, mmevaa ndala, msumeno unanguruma mapajani. Niseme mapema kwamba naandika nikiwa na hasira. Mkwe wangu aliniambia nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Nimesubiri miaka mingi. Haipoi.

Msumeno wa mnyororo sisi tuliuita chenso, kama ninyi. Kiwandani uliundiwa kukata mti kwa kukingama. Ukitaka kuupasulia gogo kwa urefu, lazima uyanoe meno yake upya, yawe yamenyooka zaidi, la sivyo utasukuma siku nzima na kupata moshi. Ndiyo maana Bruda alinianzisha na tupa. Tulinunua magogo kutoka Kiegei, na hakuna gogo lililoingia karakana kabla Bwana Miti, afisa misitu wa wilaya, hajaligonga kwa nyundo yake ya muhuri. Tuliyapenda ya mpangapanga. Ni mti mgumu, ila haumvunji mtu mkono kama mpingo ambao uzito wake ni kama chuma.

Gogo tulilikata vipande vyenye urefu wa mpini, tukazidisha kidogo kwa sababu ncha hupasuka zikikauka. Halafu mstari. Tulivunja betri kuukuu za redio, tukachukua ule unga mweusi, tukaukoroga na maji, tukachovya uzi, tukauvuta kutoka ncha hadi ncha na kuudundisha. Mstari unabaki mweusi, umenyooka kama barabara ya lami. Hapo unaweka gogo kwenye vigingi lisicheze, unasimama kando ya njia ya msumeno, si nyuma yake, na unaanza kushuka polepole. Msumeno wa kupasua hautoi unga. Unatoa nyuzi ndefu za mti, na zikijaa kwenye mfuniko wa gia unazima, unasafisha, unawasha tena. Moyo wa mti, ile sehemu laini ya katikati, tuliutupa jikoni kwa masista. Mpini wenye moyo ndani yake hupasuka.

Baada ya kupata fito za mraba, zilipakwa matope kwenye ncha na kupangwa katika banda la kukaushia, zikiachiwa nafasi upepo upite. Na hapo zilikaa. Mvua zinakuja, zinakwenda, fito zimekaa. Hili ndilo jambo lililowashinda wengi. Kupasua kunaonekana ni kazi. Kungoja hakuonekani ni kazi.

Bruda alikuwa mkali. Mara moja nilimpelekea mpini ambao nyuzi zake zilikimbilia ubavuni badala ya kwenda sawa na urefu. Aliuweka juu ya magoti yake, akauvunja mbele yangu, akanirudishia vipande viwili.

"Huu ungemvunjikia nani?" aliniuliza.

"Sijui, Bruda."

"Na mimi simjui. Basi fanya kama ni mtoto wa mama yako."

Nilinuna siku ile. Leo namwombea kila Jumapili.

Bruda alihamishiwa nyumba nyingine ya shirika lao, mbali, na parokia ikamkodishia mfanyabiashara karakana yetu. Huyo tulimwita Meneja, kwa kuwa alitaka tumwite hivyo. Sitamtaja jina. Si kwamba namwogopa. Sitaki tu mtu asome jina lake kabla ya la mtu mwingine nitakayemtaja hivi punde.

Meneja aliona haraka pesa ilipo. Namungo wachimbaji walikuwa wengi, na mchimbaji huvunja mpini kama mwanafunzi anavyovunja penseli. Akafungua bohari ya mipini kule Ruangwa, njia ya kwenda machimboni, akanihamishia huko kuwa mpasuaji mkuu. Cheo kilinifurahisha, siwezi kudanganya. Nilipanga chumba kwa mama mmoja Mwislamu aliyekuwa akiuza mihogo sokoni, tukaishi kama dada. Jumapili jioni, timu ya machimbo ilipocheza, nilikwenda uwanjani kupiga kelele kama kila mtu.

Huko ndiko nilikomjua Saidi. Alikuwa mchimbaji, kijana mrefu wa Ruangwa hapo hapo, ameoa karibuni. Alikuja kununua mipini ya nyundo kubwa za kupasulia mwamba, na hakuchukua wa kwanza aliopewa. Aliugonga chini, akausikiliza, akauchungulia kama anayelenga bunduki.

"Shikamoo mama. Huu umekauka?"

"Marahaba. Umekauka kuliko mimi."

Alicheka sana. Tangu hapo akija alikuwa akiniuliza, "Leo nani kakauka zaidi?" Mkewe Zuhura alipojifungua mtoto wa kike, nilipeleka sabuni na kanga.

Ugomvi na Meneja ulianza kidogo kidogo. Alikuja bandani, akazitazama fito zilizopangwa, akauliza mbona mali imelala. Nikamweleza kwamba mpini mbichi unapoingizwa kwenye tundu la nyundo unakaza vizuri sana, na mteja anafurahi. Halafu unakauka, unasinyaa, na kichwa cha nyundo kinalegea mtu akiwa kazini. Alijua. Sikumfundisha kitu kigeni, maana yeye mwenyewe alikulia kwenye duka la vifaa. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mama Skola, wewe pasua. Mpini utaendelea kukaukia huko huko kwa mteja."

"Na kichwa kikichomoka?"

"Apige msumari."

Nilikataa. Nilimwambia ufunguo wa banda ninao mimi, na fito hazitoki mpaka nizigonge na zinijibu kwa sauti kavu. Alitabasamu. Wiki hiyo hiyo akanituma Kiegei kuchagua magogo, kazi ambayo kwa kawaida aliifanya dereva pamoja na Bwana Miti. Nilikwenda bila kushuku kitu. Mvua ikaharibu barabara, nikakaa huko zaidi ya nilivyopanga.

Niliporudi Ruangwa, kufuli la banda lilikuwa jipya na banda lilikuwa nusu tupu. Fito zangu mbichi zilikuwa zimechongwa mipini. Zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu kuanzia juu hadi chini. Hapo awali hatukuwahi kupaka mpini rangi, kwa sababu mnunuzi anapaswa kuziona nyuzi. Nilichukua mmoja, nikaukwangua kwa kisu. Chini ya rangi mti ulikuwa na unyevu kama muwa.

"Mingapi imeuzwa?" nilimuuliza muuzaji.

"Mingi, mama. Imependwa. Inang'aa."

Nilikimbia. Mimi, mwanamke wa umri ule, nilikimbia kwenye ile njia ya machimboni, kanga inadondoka, nikiwaambia watu niliokutana nao wasitumie mipini myekundu. Wengine walinisikia. Wengine walidhani nimechanganyikiwa. Nilipofika karibu na mashimo nikaona watu wamembeba mtu juu ya turubai. Alikuwa Saidi. Alikuwa ameshika patasi ya mwamba, mwenzake akipiga nyundo yenye mpini mwekundu, na kichwa cha nyundo kikachomoka kwenye mpini na kumpiga usoni.

Nilisaidia kumbeba, damu yake ikalowesha kanga yangu. Hospitali ya misheni walifanya walichoweza. Aliishi. Jicho la kushoto halikuishi.

Siku ile ile Zuhura alikuja bohari akiwa na mtoto mgongoni na ule mpini mwekundu mkononi. Nilikuwepo. Meneja alimkaribisha kiti, akaongea kwa sauti ya msibani.

"Pole sana, dada. Ajali ni mipango ya Mungu."

"Mpini huu ni wenu," Zuhura alisema.

"Mipini iko mingi Ruangwa nzima. Hatuwezi kujua."

"Ni wetu," nilisema. "Umetoka katika banda hili nikiwa Kiegei."

Meneja hakunitazama. Alimwambia Zuhura, "Msamehe huyu mama, amechoka na safari." Kisha akainuka kumhudumia mteja aliyekuwa anangoja. Alimwuzia mpini. Mwekundu. Mbele ya mke wa Saidi, na damu ya Saidi bado iko kwenye kanga yangu, alichukua mpini mwingine kutoka kwenye rundo lile lile, akaufuta vumbi kwa kiganja, akamkabidhi mtu.

Nilitoka nje, nikajaza petroli, nikakaza mnyororo, nikavaa buti zangu na miwani ya kazi. Niliwasha chenso, nikarudi nayo ndani. Wateja walitawanyika. Meneja alipanda juu ya meza. Sikumkaribia, wala sikuwa na haja naye. Niliachia breki ya mnyororo, nikauteremsha msumeno juu ya lile rundo jekundu, nikalikata katikati, lote, safu kwa safu, mpaka palipokuwa na mipini pakawa na kuni fupi. Nilimnyang'anya yule mteja mpini wake na huo nikaukata. Nilipozima injini, Zuhura alikuwa bado amesimama pale pale. Mtoto alikuwa analia. Yeye hakulia. Alisema, "Asante, mama," kama mtu aliyepewa maji.

Tuliitwa kwa mtendaji wa kijiji. Meneja alifika na shati jeupe, akalalamika kwamba nimeharibu mali yake. Mwenyekiti wa wachimbaji naye alifika, nyuma yake kundi la watu wakiwa wamebeba mipini myekundu waliyoichomoa kwenye nyundo zao. Waliirusha sakafuni. Mingine ilikuwa imeshaanza kupinda. Mtendaji aliitazama, akamtazama Meneja, na mimi nikadhani sasa haki itasemwa.

Alichosema ni hiki: "Mambo haya tuyamalize kiungwana. Mama aache kazi. Meneja asiuze mipini hapa tena. Mgonjwa tumwombee."

Wakapeana mikono. Meneja akamshika na Zuhura mkono, na Zuhura hakuwa na nguvu ya kuuondoa. Kabla ya msimu wa korosho kuisha tukasikia Meneja amefungua bohari wilaya nyingine, kubwa zaidi. Hakuna aliyemshtaki. Wachimbaji walirudi mashimoni, maana walipaswa kula. Mimi nilirudi Ruponda, nikapata chenso kuukuu ya mitumba, nikapasua peke yangu chini ya banda la nyasi kwa wakulima wa ufuta na korosho, mpaka mikono ilipoanza kutetemeka hata nikiwa nimeshika kikombe cha chai. Mngurumo wa msumeno huingia mifupani ukakaa humo. Daktari aliniambia niache, nikaacha. Huko ndiko kustaafu kwangu. Hakukuwa na sherehe.

Sasa mnaniambia nisamehe. Paroko ameniambia, kwa upole, na namheshimu. Wanawake wa jumuiya wameniambia hasira itanipa presha. Lakini nani alimwambia Meneja atubu? Simkumbuki hata mmoja. Wote walinijia mimi. Nimeona hata ninyi mafundi mkizungumzia mambo haya mnasema "ile ajali ya Namungo". Fundi anayeita kitendo kile ajali hajaanza kujifunza kazi hii, hata kama anapasua mstari ulionyooka.

Mwaka huu baada ya Pasaka nilikwenda kumsalimia Saidi. Analima sasa, kando ya barabara ya kwenda Nachingwea. Alinisikia nikibisha hodi, akageuza kichwa kizima ili anione, kama ndege. Zuhura alipika ugali na kisamvu. Yule mtoto wa kanga na sabuni ana watoto wake, na mmoja wao, msichana wa darasa la kwanza, alikuwa ameketi kwenye paja la babu yake. Alinyoosha kidole akagusa lile jicho lililofumba.

"Babu, hapa palifanyaje?"

Saidi alimbusu kichwani. "Jiwe, mama yangu. Jiwe lilinirukia."

Ni mtu mpole, hataki kumtisha mtoto. Zuhura aliinamisha uso kwenye sahani. Najua mgeni hakatizi maneno ya mwenye nyumba, na mimi nimelelewa vizuri. Nilinawa mikono, nikamvuta yule msichana karibu yangu ili anisikie sawasawa.

"Si jiwe," nilimwambia. "Ni mtu."