Mwezi Uliogeuka Bakuli

Siku ile baba alikuwa anapeleka sukari Garbatulla, na nguo zangu zilikuwa tayari zimefungwa juu ya magunia. Tulikuwa tumekubaliana: ataitazama picha yangu ya mwezi mara moja. Akiuona mwezi umevimba kama kitu cha kushikika, nitabaki Isiolo niendelee kusafisha picha katika studio ya jirani yetu. Asipouona, nitapanda lori nijifunze kazi ya tanboi, msaidizi wa dereva.

Nilikuwa nimesoma katika gazeti kuukuu kwamba mwezi hautulii. Hugeuza uso kidogo, kama mtu anayekataa chakula kwa adabu. Ukiupiga picha ukiwa mpevu, kisha ukaupiga tena baada ya miezi, unaweza kuliwekea kila jicho picha yake, na akili ikaziunganisha zikawa tufe moja. Picha hizo mbili nilizipiga jioni, kwa darubini ndogo na kamera ya studio, na zilinichukua karibu mwaka. Lenzi za kutazamia nilizitoa kwenye miwani za kusomea, na picha nikazibandika bega kwa bega kwenye kadi moja.

Shida ilikuwa mimi mwenyewe. Kitu kikiwa sawa, mimi huendelea kukigusa mpaka kiharibike. Asubuhi hiyo, lori likinguruma mlangoni, niliona picha moja imepinda, upana wa uzi tu. Nikazibandua zote mbili kwenye kadi, nikazibandika upya. Nilizipima kwa rula. Sikuzitazama kwa lenzi.

"Haya, fundi wa mwezi," baba aliita kutoka kwenye usukani. "Leta, jua linapanda."

Nilimpa lenzi na kadi. Tanboi wake akacheka kutoka juu ya magunia. "Mzee, angalia vizuri! Pengine huko kuna malisho."

Baba alitazama. Kisha akasema, "Mbona umenipa bakuli?"

"Bakuli, Aabo?"

"Bakuli. Limebonyea katikati, hata uji linaweka. Panda twende."

Nilikuwa nimeshaweka mguu kwenye ngazi ya lori ndipo nikaelewa. Picha iliyolala bapa haimwonyeshi mtu bakuli. Macho ya baba yalikuwa yameziunganisha. Ni mimi niliyebandika ya kulia kushoto, ndiyo maana uvimbe ukageuka shimo.

Gundi ilikuwa imeshika. Kuzibandua tena kungezichana, na sikuwa na nyingine. Nikachukua wembe nikaipasua kadi katikati, bila rula, mstari ukaenda mshazari. Nikapitisha vipande dirishani, nikavishika mbele ya lenzi, cha huku kule.

"Tulia," baba alisema. "Vinacheza."

"Siwezi, Aabo."

"Basi pumua."

Nikapumua. Mkono wa baba ukaacha usukani, ukaenda polepole nyuma ya kadi, ukapapasa hewa kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni.

Tanboi akagonga paa. "Mzee, twende!"

Baba akazima injini.

"Mtupie nguo zake," akasema, macho bado yakiwa kwenye lenzi.