Dirisha Lililonisema

Kwa wiki tatu nilimdanganya mwalimu wangu wa riadha kwa mkono wa kulia. Kila nikinyanyuka kwenye mashine yake, mkono ulishika chuma cha dirisha na kunisaidia, kisha nikamwambia mguu uko sawa.

Nilikuwa nimechanika msuli nyuma ya paja la kushoto. Daktari alishasema umepona, lakini sikumwamini, na kusema naogopa niliona aibu. Timu ya kaunti ya kupokezana vijiti ilibakiza nafasi moja. Tulioitaka tulikuwa wawili, mimi na msichana wa Mwala ambaye hakununa hata akishindwa. Nilimchukia kwa hilo tu.

Mashine yenyewe ilichomelewa na fundi hapa Machakos mjini: ubao wa kusimamia na, chini yake, gurudumu zito lililotoka kwenye mashine mbovu ya kusaga mahindi kule Mitaboni. Unafunga mkanda kiunoni, unachuchumaa, unanyanyuka, na kamba iliyofungwa kwenye mkanda inalizungusha gurudumu. Ukifika juu halisimami. Linaikunja kamba tena na kukuvuta chini kwa nguvu zile zile ulizonyanyukia, na ni paja lako linalopaswa kulizuia. Ukienda kivivu nalo linakuvuta kivivu. Mimi nilikuwa hodari wa uvivu.

Asubuhi ya kupimwa mguu, mwalimu alisimama mlangoni akinipa mgongo. Nikashukuru moyoni kwamba haoni.

"Toa mkono kwa dirisha," akasema bila kugeuka. "Mguu ya kushoto peke yake. Mara sita, na nguvu yote."

Nilitaka kusingizia tumbo, kichwa, chochote. Halafu nikamwona yule wa Mwala akilini, akitabasamu na kijiti mkononi, na hasira ikanipanda. Nikachuchumaa na kusukuma.

Gurudumu likanguruma. Nikafika juu, likanivuta kama ng'ombe aliyeona maji, nami nikakaza paja nikingojea ule mchaniko. Haukuja. Mara ya pili nilifumba macho. Mara ya nne nilikuwa nalia, na paja lilikuwa linachoma kama paja lolote linalofanya kazi. Nikamaliza sita.

Mwalimu akaja, akaninyooshea taulo.

"Imeuma?"

"Hapana, mwalimu."

"Mimi nimeskia hiyo dirisha ikilia wiki tatu. Jina nilituma kaunti jana jioni. Ni ya mwenzako." "Leo nilitaka tu ujue mguu ilipona kitambo."

Ningekuwa nimeumia kweli, ningepata cha kulaumu. Nilijifuta uso, nikakaza mkanda upya, na kusimama katikati ya ubao, mbali na dirisha.