Mhoja Awapa Wakubwa Mgongo

Hebu mwone Mhoja anavyoshuka kwenye lori la pamba pale Bariadi, katokea Mkula, gunia begani, na koti zito mwilini ingawa jua linachoma. Usimwambie alivue. Mfanya kiinimacho bila koti atafanya nini?

Ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa, pamba imeshauzwa, na ngoma mbili zimekuja kushindana. Unajua shindano la Wasukuma: zote hupigwa kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mtu huenda anakopenda. Mwenye watu wengi ndiye mshindi.

Mhoja alikuwa upande wa Machibya, manju, yaani kiongozi wa ngoma yao. Mchezo aliojivunia ulikuwa wa sindano. Anazimeza moja moja, anameza na uzi, kisha anauvuta uzi kinywani, sindano zote zimetungwa. Alijifunza midomo ikivuja damu. Siku hiyo aliufanya vizuri kuliko siku zote. Kwenye viti vya mbele katibu tarafa na wageni wake wakapiga makofi. Nyuma yao watu wakaanza kuhama.

“Anatafuna nini yule?” mama mmoja aliuliza.

“Labda karanga. Twende kule, mayu, huku hakuna kitu.”

Karanga! Mhoja alisikia. Akafunga sindano zake, akachukua gunia.

Machibya akamvuta koti. “Ng'wanawane, mwanangu, huo wa gunia si mchezo wa watoto? Wakubwa wanataka sindano tena.”

“Wakubwa wangapi, baba? Tazama wanaoondoka.”

“Ukiwaudhi, mwakani hatupati kibali cha kucheza.”

“Basi tukose. Leo watu wataona.”

Akavizunguka viti, akawapa wakubwa mgongo, akawafuata waliosimama juani. Gunia akamtupia yule mama aliyeuliza.

“Mayu, likung'ute! Ligeuze ndani nje. Au unawahi karanga?”

Watu wakacheka. Mama akalikung'uta, likatoka vumbi tu. Mhoja akalipokea, akalizungusha mara moja, na kuku akachomoka akipiga kelele, akaruka juu ya vichwa vya watu. Akina mama wakamfukuza, mmoja akaanguka, kitenge huku, yeye kule. Waliokuwa ngoma ya pili wakaja mbio kuuliza kuna nini, na hawakurudi.

Upande wa Machibya ukashinda. Lakini katibu tarafa alikuwa amesimama, kidole juu.

“Wewe! Umenipa mgongo mimi?”

“Mzee, uso ninao mmoja. Nimewapa waliokuwa hawaoni.”

Mwaka uliofuata kibali hakikutoka. Machibya akamtumia ujumbe: nenda kaombe radhi kwa katibu, ngoma yetu ipone. Mhoja akajibu kwamba radhi anayo, ila ni ya wale waliosimama nyuma miaka yote wakimtazama akitafuna.

Ngoma zimetundikwa ukutani, wenzake wanapita hawamsalimii. Mpenzi msomaji, ungekuwa wewe, ungeanza kwenda kwa nani?