Samli ya Mama Mkwe

Tangu daktari amwambie mume wangu, mchimbaji wa dhahabu, kwamba moyo wake hautaki mafuta, nyumbani kwetu Segese chapati nazikandia boga. Nalichemsha mpaka nyuzi zake zilegee, naliponda, nalichanganya na unga, na chapati inatoka laini utadhani ina mafuta. Karibu sawa, tuseme. Mchuzi wa kuku nao nauwekea bamia zilizopondwa ili uteleze kooni. Nilikuwa najisifu sana kwa ujanja huo.

Sharti la mume wangu lilikuwa moja: mama yake asijue. Alishazika mume kwa maradhi hayohayo. Akisikia hatapata usingizi. Nikakubali, maana kukubali hakuna kazi.

Mama mkwe akaja kututembelea kutoka Kharumwa. Nikampigia magoti, nikamwamkia, nikamwandalia. Alikula chapati taratibu, kisha akasugua vidole vyake. Vilikuwa vikavu. Kwao mgeni wa heshima huinuka na vidole vinavyong'aa mafuta. Akashukuru, nami nikadhani amependa, mjinga mimi.

Safari ya pili alishuka kwenye bodaboda amepakata ndoo ya samli. Akanifuata jikoni, akasema kwa sauti ya chini ili mwanawe asiaibike.

"Mayu, kama duara la mwanangu kule machimboni halitoi dhahabu, si mngeniambia? Tangu nilipoondoka hapa sijauza maziwa. Yote nimeyasukasuka, nikawaletea hii."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Maziwa hayo ndiyo yanayomvisha na kumtibu. Ukweli ulikuwa mdomoni tayari, lakini mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, na alitikisa kichwa. Nikaumeza. Nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia mimi zaidi.

Tulipokaa kula, mama alichota samli mwenyewe, akaimimina juu ya ugali wa mwanawe. Mama akikupakulia kwa mkono wake, huvuti sahani. Mume wangu akala. Alikula yote, akatabasamu, midomo inang'aa kama ya mtoto.

"Umeona?" mama akaniambia, macho yamemjaa furaha. "Alikuwa na njaa tu. Haya, sasa mwongezee wewe."

Akaninyooshea kijiko. Nikapiga magoti, nikakipokea kwa mikono miwili, nikamwongezea.