Pole na Kazi, Baba

Jirani yangu hapa Igowole, mzee aliyefiwa na mkewe, ana gari la mbio, likinguruma kuku wote wanakimbia. Juzi nikamkuta kaishusha injini mbele ya nyumba, vyuma kavitandaza juu ya turubai.

"Kamwene, baba. Imeharibika?"

"Nzima, mama. Naikagua, niiongezee nguvu."

"Tena? Nguvu yote hiyo utaipeleka wapi?"

Akawa anafuta spana polepole, haniangalii. Mama mmoja akapita na kuni kichwani. "Pole na kazi, baba!" Wakapita wanakwaya. "Pole na kazi!" Mzee akamjibu kila mmoja, akamuuliza na habari za nyumbani, uso umechangamka.

Walipokwisha kupita akasema, "Injini ikishafungwa tena garini nakaa hapa hapa, mama. Wanapita kimya. Wanaona mzee kapumzika, asisumbuliwe."

Ni kweli. Kwetu mwenye kazi mkononi hapitwi bila kupewa pole. Aliyekaa bure na upweke wake, huyo tunamwacha apumzike mpaka tumzike.

Nikavuta kigoda. "Nipe tambara na mimi."

Akanipa chuma kilichokwisha kung'aa. Nikakifuta.