Fulana Moja ya Keturah

"Watoto wakija kwangu wanakuja wazima, Verdell! Kwako wanakuja picha!"

Huyo ni Mzee Lucius, jirani yangu hapa Filadelfia Kaskazini, Marekani. Anabwata mtaa mzima unasikia.

Mimi nachapa fulana za misiba sebuleni: sura ya marehemu, tarehe aliyozaliwa, tarehe aliyokufa. Yeye kila Jumamosi anatengeneza baiskeli na vijana wetu weusi, huku wakitoa ya moyoni.

"Kijiwe cha kulizana tu hicho!" nikamrudishia. "Umemponya nani?"

Katikati ya vurugu akatokea Keturah, binti wa miaka kumi na tisa, amepanga chumba ng'ambo ya barabara.

"Bi Verdell, fulana yangu tayari?"

Fulana moja. Watu huagiza thelathini, arobaini. Juzi aliponitumia picha kwa simu nilimtania, "Moja tu? Marehemu wako hakuwa na watu?"

"Hakuwa nao," akajibu.

Nikacheka, jamani.

Nikaingia kuikunja. Miaka kumi na moja nachapa, sura sizitazami tena, tarehe nanakili tu. Siku hiyo sijui nini kilinivuta, nikatazama.

Sura ilikuwa yake.

Tarehe ya kufa: Jumamosi inayokuja. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Nikatoka nayo, nikamkabidhi Lucius. Akasoma. Akamgeukia binti.

"Keturah, unataka kujiua?"

Akauliza hivyo hivyo, kavu. Nilitaka kumziba mdomo.

"Nimechoka, Mzee Lucius."

"Umeanza lini kuchoka?"

Walikaa kwenye ngazi zangu mpaka kivuli kikahama. Mzee hakuhubiri. Alisikiliza, kisha akampigia daktari simu, mkono wa binti kaushika.

Baadaye nikamuuliza, "Ulithubutuje kumuuliza vile?"

"Mwanangu sikumuuliza."

Mwanawe Terrell! Fulana zake arobaini nilichapa mimi. Mtaa uliambiwa ajali, na mimi mjuzi wa habari zote nikaamini.

Keturah hajapona. Kuna siku hafungui mdomo. Lakini mtu akikwambia hana watu, usicheke kama mimi. Muulize. Kisha kaa hapo.

Jumamosi ile ya kwenye fulana ilifika. Jioni Keturah akasimama mlangoni kwangu, katoka kwenye baiskeli za Lucius, nyumba yangu imejaa watu niliowaita kwa ajili yake.

"Nina grisi mikononi, Bi Verdell."

"Sabuni ipo. Ingia ule, mwanangu, samaki wanapoa."