Upande Mmoja wa Meza

Miaka ile wanunuzi binafsi walipoingia Mbinga, baba mkwe wangu alipata pesa nzuri ya kahawa. Wenzake walinunua magari. Yeye akanunua Karamu ya Mwisho. Ilikuja kutoka Dar es Salaam ndani ya maboksi, kipande kimoja kimoja cha marumaru, nakala ya ule mchoro mashuhuri wa ukutani wa huko Italia. Fundi akaipanga ikajaza ukuta mzima wa chumba cha kulia. Yesu alikuwa mkubwa kuliko mume wangu.

Kazi ilipokamilika, mzee akatangaza kwamba kuanzia Jumapili tutakula meza moja, wote, kama wale wa ukutani. Wanaume kula barazani na wanawake jikoni, alisema, ni mambo yaliyopitwa na wakati.

Mimi nilikuwa mjamzito. Mimba mbili za kabla ya hiyo zilitoka. Mama yangu, aliyenilea Lituhi, alinifunza kwamba baba mkwe hamtazami mke wa mwanawe akila, na akimtazama, kilichomo tumboni hakikai. Nilikuwa nimesoma, nilijua hayo hayamo katika vitabu vya daktari. Lakini nilijua pia nilichokwisha kuzika. Niliogopa sana.

Jumapili ikafika, wakanikalisha uso kwa uso naye. Ugali ulikuwa mezani, na samaki mbasa kutoka Mbamba Bay.

"Kula, mama," akaniambia kwa upole.

Upole wake ndio ulionitisha zaidi, maana ukali ningeununia. Mume wangu akajifanya anahangaika na miiba. Mama mkwe aliinamia sahani yake. Nikainua macho juu ya kichwa cha mzee yasije yakakutana na yake, nikabaki kuwatazama wale wa ukutani.

"Baba," nikasema, "mbona wao wamekaa upande mmoja?"

Akageuka, akaitazama picha yake kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa kutaka vitu vifanane. Akaamuru viti vihamishwe, tukakaa safu moja kuuelekea ukuta, mimi mwisho huku, yeye mwisho kule.

Nikamega tonge. Hakuniona. Lakini chumba kilikuwa kimya, nikamsikia akitafuna, nikajua naye ananisikia, na kuhusu kusikia mama yangu hakuwahi kuniambia lolote. Mtoto akacheza mara moja, kwa nguvu. Nikaacha kutafuna, tonge mdomoni, mkono tumboni, nikisubiri acheze tena.